Akoroma, Kisha Anyamaza
Mafundisho juu ya chakula cha jioni, ugonjwa wa sukari na pumzi ya usiku

Usiku wa milima ya Masereka una baridi, na watu hufunga milango mapema. Nyumba zetu zimekaribiana, na ukuta wa udongo hauzuii sauti. Mtu akikoroma, jirani anasikia. Tangu zamani tumezoea kuchekea jambo hili. Twasema, "Huyu ameshiba, analala kweli kweli."

Lakini kuna kukoroma kwa namna mbili. Kuna kukoroma kwa mtu aliyechoka, ambako huenda sawasawa usiku kucha, kama mto unaopita. Tena kuna kukoroma kunakokatika. Mtu anakoroma kwa nguvu, mara ananyamaza kabisa. Kifua chake na tumbo lake vinahangaika, lakini hewa haipiti. Kisha anashtuka kama mtu aliyetolewa majini, anavuta pumzi kwa kishindo, halafu anaanza tena. Mtu huyo hapumziki. Ana ugonjwa wa kukatika kwa pumzi usingizini, ambao waganga huuita apinea ya usingizi. Na kama ana ugonjwa wa sukari pia, magonjwa hayo mawili husaidiana kumwangusha.

MFANO WA BABA MCHUUZI

Tuchukue mfano. Huu si habari ya mtu fulani, ila wengi watajiona ndani yake.

Baba mmoja ana miaka 52. Ananunua viazi na vitunguu huku milimani na kuvipeleka Butembo. Anaamka saa kumi na moja alfajiri, anakunywa chai yenye sukari nyingi, anaondoka. Mchana hali kitu, kwa maana anachunga mali yake sokoni. Anarudi saa mbili ya usiku na njaa kubwa. Mke wake amemwekea bukari kama mlima, na sombe yenye mafuta mengi ya mawese. Anakula mpaka mwisho. Siku nyingine amepita kwa rafiki na kunywa kasiksi. Saa tatu amekwisha kulala.

Usiku anaamka mara nne kwenda kukojoa. Kinywa chake kimekauka. Asubuhi kichwa kinamwuma. Mchana anasinzia kwenye benchi la kanisa, na hata juu ya mzigo ndani ya lori. Miaka miwili iliyopita aliambiwa ana ugonjwa wa sukari. Anakunywa vidonge vyake kila siku, lakini akipimwa asubuhi, sukari iko juu. Muuguzi anamkaripia, "Wewe hunywi dawa." Baba anaona uchungu, kwa sababu anazinywa.

Mke wake anajua jambo, lakini hakuna aliyemwuliza. Amehamia kitanda cha watoto, naye anaona haya kulisema. Watu wa ukoo nao wamenong'ona kwamba kuna mtu anayemkaba mume wake usiku kwa uchawi.

Siku moja wanafika wote wawili mbele ya munganga.

"Papa, unalala namna gani?"

"Nalala vizuri, Munganga. Naanguka kama mti."

Mama anatazama chini. Munganga anamgeukia. "Na wewe Mama, unasema nini?"

"Munganga, nitasema nini mbele ya mume wangu?"

"Sema tu, Mama. Yeye amelala, hajisikii. Wewe ndiwe shahidi."

"Akoroma, kisha anyamaza. Mimi nahesabu. Mara nyingine nafika ishirini. Nafikiri amekufa. Namsukuma, anashtuka, anaanza tena. Ndivyo kila usiku."

"Mama, maneno yako yamenisaidia kuliko kipimo cha damu. Kwa nini hukusema zamani?"

"Hakuna aliyeniuliza."

NINI KINATOKEA KOONI

Ukitaka kujua ugonjwa huu, fikiri mrija wa kunywea. Mrija mgumu wa tete, hata ukivuta kwa nguvu, hubaki wazi. Lakini ukizungusha jani bichi la mgomba na kulifanya mrija, ukivuta kwa nguvu kuta zake hushikamana, na kinywaji hakipiti. Koo la mwanadamu ni kama mrija wa jani. Mchana nyama za koo na ulimi hukaza na kuliweka wazi. Usiku, mtu akilala, nyama hizo hulegea. Kama shingo ina mafuta mengi, au ulimi ni mkubwa, au taya ni fupi, au mafindofindo yamevimba, koo hufungika.

Pumzi ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi, waganga huhesabu mara moja. Mtu akikatikiwa mara 5 kwa saa, ugonjwa umeanza. Akifika mara 30 kwa saa, ugonjwa ni mkali. Hesabu mwenyewe: mara 30 kwa saa, kwa usiku wa saa 7, ni mara 210. Mara 210 mwili umekosa hewa na kushtuka, ingawa mwenyewe asubuhi hakumbuki hata moja.

Basi anayemkaba mtu huyu si jirani, wala si mzimu. Ni koo lake mwenyewe. Tusiwashtaki watu bure kwa jambo ambalo lina sababu ndani ya mwili, na lina msaada.

KWA NINI SUKARI HAISHUKI

Sasa tuone jinsi pumzi na sukari zinavyoshikana. Chakula tunachokula hugeuka sukari ndani ya damu. Fikiri malori yanayofika Butembo na magunia ya viazi. Barabara ni damu. Maghala ni nyama za mwili, ambazo zinahitaji sukari ili zifanye kazi. Mlinzi wa ghala, anayefungua mlango, ni insulini. Insulini hutengenezwa na kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula. Mtu mwenye ugonjwa wa sukari ana walinzi wachache, au walinzi wapo lakini milango imekuwa mizito. Magunia hubaki barabarani. Hayo ndiyo munganga anayopima katika tone la damu. Mtu mzima, asubuhi kabla ya kula, akipimwa mara mbili siku mbali mbali na kuonekana ana miligramu 126 au zaidi kwa desilita moja, huyo ana ugonjwa wa sukari.

Pumzi ikikatika usiku, mwili hufikiri umefika kufa. Hupiga baragumu ya vita. Moyo hupiga mbio na mishipa hukaza. Ini, ambalo lina akiba ya sukari, hutoa magunia na kuyatupa barabarani ili askari wapate nguvu ya kupigana. Wakati huo huo milango ya maghala hukazwa zaidi. Lakini hakuna vita. Mtu amelala tu. Magunia yanabaki pale pale. Na baragumu inapigwa tena, na tena, mpaka asubuhi. Ndiyo maana mtu aweza kunywa vidonge vyake kwa uaminifu, wala sukari yake ya asubuhi isishuke. Ndiyo maana pia presha ya damu hupanda, na moyo na ubongo huwa katika hatari.

Nao ugonjwa wa sukari husaidia upande wake. Sukari ikizidi, mtu anakojoa sana, anapata kiu, usingizi unakatwa vipande. Mtu asiyelala vizuri huamka na njaa, hasa njaa ya vitu vitamu na vya wanga. Anakula zaidi, ananenepa, shingo inaongezeka, koo linafungika zaidi. Ni kama ng'ombe anayezunguka mti kwa kamba. Kila akizunguka, kamba inafupika.

CHAKULA CHA JIONI

Wengi wetu tunakula chakula kimoja tu cha kweli, nacho ni cha usiku. Hatulaumu mtu. Shamba liko mbali, soko lina kazi, na jioni ndipo jamaa yote hukutana kwenye chungu. Ni desturi njema ya kukaa pamoja. Lakini tuangalie mambo manne.

La kwanza, mwili haupokei chakula sawasawa saa zote. Bukari ile ile ikiliwa usiku hupandisha sukari zaidi kuliko ikiliwa asubuhi, kwa maana usiku ukiingia walinzi wa ghala hupunguza kazi. Mtu anayekula chakula cha siku nzima saa mbili ya usiku ameleta malori yote wakati milango inafungwa.

La pili, bukari ya mihogo peke yake ni karibu wanga mtupu. Viazi, ndizi na mkate ni wanga pia. Wengine hufikiri kwamba wakiacha sukari ya chai wamemaliza kazi, na huku wanakula bukari ya watu wawili. Damu haijui tofauti kubwa kati ya sukari ya kijiko na wanga wa bukari.

La tatu, mtu akilala tumbo limejaa, chakula na uchungu wa tumbo hupanda kooni. Koo huungua, mtu anakohoa na kuamka. Tumbo lililojaa pia husukuma juu na kubana mapafu.

La nne, pombe. Kasiksi na pombe nyingine hulegeza nyama za koo usiku ule ule. Hata mtu asiyekoroma siku nyingine hukoroma akinywa. Tena kasiksi ni tamu, ina sukari ya ndizi. Dawa za usingizi nazo hulegeza koo na kumzuia mtu asishtuke anapokosa hewa. Usinunue vidonge vya usingizi dukani kwa sababu unaamka usiku. Kwanza tafuta kwa nini unaamka.

Lakini tuseme kweli yote. Chakula cha usiku mmoja hakifungi koo peke yake. Kazi yake mbaya ni ya miezi na miaka, kwa njia ya unene na sukari. Kwa hiyo msaada wake nao huja polepole. Waganga waliofuatilia watu wengi huko Marekani waliandika mwaka 2000 kwamba aliyepunguza uzito wake kwa sehemu moja ya kumi, kukatika kwa pumzi kwake kulipungua karibu kwa robo. Mtu wa kilo 90 akipunguza kilo 9, amepata faida kubwa, naye sukari yake hushuka pia.

MASWALI NANE

Huko Toronto, katika nchi ya Kanada, ndipo insulini ilipopatikana mwaka 1921. Katika mji huo huo waganga walitoa mwaka 2008 maswali mafupi ya kuwatambua watu wanaokatikiwa na pumzi. Yako manane. Hayahitaji mashine. Mke na mume wanaweza kuyajibu pamoja jioni kando ya moto:

1. Je, unakoroma kwa nguvu hata asikie aliye nyuma ya mlango uliofungwa?
2. Je, mchana umechoka na kusinzia mara nyingi?
3. Je, kuna mtu aliyeona pumzi yako ikikatika usingizini?
4. Je, una presha ya damu, au unanywa dawa yake?
5. Je, mwili wako ni mnene sana?
6. Je, umepita miaka 50?
7. Je, shingo yako inapita sentimetre 40? Fundi wa nguo atakupimia kwa utepe wake.
8. Je, wewe ni mwanamume?

Kama umejibu "ndiyo" mara tatu au zaidi, mwambie munganga. Hii si hukumu, ni sababu ya kuulizia. Wala wanawake wasijione salama: baada ya damu ya mwezi kukoma, hatari yao huongezeka. Hata mtu mwembamba mwenye taya fupi aweza kuwa nao. Na mtoto anayekoroma kila usiku, huku mafindofindo yake yamevimba, aletwe kwa munganga.

Kama utapasuliwa, wajulishe wale wanaotoa dawa ya usingizi kwamba pumzi yako hukatika. Usisahau neno hili. Laweza kuokoa maisha yako.

YA KUFANYA

Kula asubuhi na mchana. Beba chakula sokoni au shambani: maharagi yaliyopikwa, kiazi kimoja au viwili, yai. Usifike jioni na njaa ya siku nzima.

Kula jioni mapema. Ikiwezekana, kula saa kumi na mbili au saa moja, na ulale saa tatu au saa nne. Yapite angalau masaa mawili au matatu kati ya chakula na kitanda.

Gawanya sahani. Nusu iwe mboga: lengalenga, kabichi, karoti, sombe isiyozidiwa mafuta. Masereka haina shida ya mboga; twazipeleka Butembo kwa malori, kisha sisi wenyewe twala bukari tu! Robo iwe maharagi, samaki au nyama. Robo iliyobaki iwe bukari au viazi. Kunywa maji, au chai bila sukari.

Lala ubavu. Mtu akilala chali, ulimi huanguka nyuma. Shona mfuko mdogo nyuma ya nguo ya kulalia, utie mpira wa nguo wa watoto. Utakukataza kugeuka chali. Inua miguu ya kitanda upande wa kichwa kwa matofali.

Acha pombe na sigara. Tembea kila siku. Kama unaendesha pikipiki au lori kati ya Butembo na Beni na unasinzia, simama. Dereva anayesinzia huua na wengine pamoja naye.

Iko pia mashine inayopuliza hewa puani usiku ili koo libaki wazi. Ilitungwa na Munganga Colin Sullivan huko Sydney, Australia, aliyeandika habari yake mwaka 1981, nayo husaidia sana wenye ugonjwa mkali. Lakini yahitaji umeme usiku kucha, na bei yake ni kubwa. Kama munganga amekuandikia na jamaa yako wanaweza kuipata, usiikatae. Kama haipatikani, usikate tamaa. Mambo mengine tuliyoyataja yako mkononi mwako.

ANGALIENI SANA

Mtu anayejipiga sindano ya insulini, au anayekunywa vidonge vinavyosukuma kongosho kama glibenklamidi, asiache chakula cha jioni ghafula baada ya kusoma maneno haya! Sukari yake yaweza kushuka mno usiku, akatoka jasho, akatetemeka, akapotewa na akili, hata akafa. Kwanza aende kwa munganga, wapange pamoja saa za chakula na kipimo cha dawa.

Nawe mama, kama mume wako mwenye ugonjwa wa sukari anakoroma na humwezi kumwamsha kabisa, hiyo si kukoroma kwa kawaida. Usimnyweshe kitu. Mlaze ubavu, ita majirani, mpelekeni hospitali saa ile ile.

MWISHO WA BABA MCHUUZI

Je, baba yule wa mfano wetu alifanya nini? Hakupata mashine. Lakini mke wake alianza kumfungia maharagi na viazi ndani ya kibakuli kila asubuhi. Akirudi usiku, anapata mboga nyingi na bukari ndogo. Mwanzoni alinung'unika, akasema, "Mama, umeninyima chakula nyumbani mwangu?" Naye akajibu, "Papa, nataka unizike wewe, si mimi nikuzike upesi." Walicheka wote wawili. Kasiksi aliiacha. Analala ubavu, na ule mpira mgongoni. Mwezi kwa mwezi uzito unapungua, na kipimo cha asubuhi kinashuka. Usiku bado anakoroma kidogo. Lakini mke wake amerudi kitandani pake, wala hahesabu tena.

MASWALI YA KUKUMBUKA

1. Kukoroma kwa namna gani ni alama ya ugonjwa?
2. Kwa nini sukari hupanda pumzi inapokatika usiku?
3. Chakula cha jioni kiliwe saa ngapi, na sahani igawanywe namna gani?
4. Nani asipunguze chakula cha jioni kabla ya kumwona munganga?
5. Leo usiku, nani nyumbani mwako utamsikiliza anapolala?